Dada wa Kasulu, usilipe Ijumaa: uliza kwanza mtoto anarudi na cheti gani

Dada, usilipe hiyo Ijumaa. Hata kama hutasoma hadi mwisho, hilo moja libebe.

Umeandika kwamba binti yako yuko kidato cha tatu hapo Kasulu. Kuna wakala amewaletea programu ya mwaka mmoja, mtoto asome sekondari Marekani na kukaa na familia ya huko, na amekuhakikishia kuwa "akirudi anaunganisha kidato cha tano". Anataka utangulize pesa kabla ya Ijumaa, nafasi isichukuliwe. Halafu ukauliza Marekani au Uganda, umri upi unafaa, nguo za baridi zinapatikana wapi na pesa ya mfukoni iwe kiasi gani. Waliotangulia hapo juu wameshakujaza ushauri wa makoti. Mimi nimekwama kwenye hiyo kauli ya kidato cha tano. Niliambiwa hivyohivyo, neno kwa neno, sebuleni kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, na mwanangu alikuwa kidato cha tatu kama wako.

Tena nisieleweke vibaya. Mwanangu hakutapeliwa safari. Alipanda ndege kweli, alisoma kweli, na familia iliyomkaribisha walikuwa watu wema ambao mpaka leo wanampigia simu sikukuu. Kiingereza alichorudi nacho ni cha kukaa nacho mezani na mtu yeyote. Hasara haikuwa kwenye safari. Ilikuwa kwenye karatasi.

Mimi nauza dagaa wa jumla Kibirizi. Anayeijua biashara hii anajua pesa yake inaingia kipindi cha giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, unakula ulichoweka. Ile programu ilikula nilichoweka, kisha ikala na kiwanja cha Mwandiga. Baba yake alitaka tusubiri mtoto amalize kidato cha nne. Wakala akamjibu mbele yangu kwamba kusubiri ni kumrudisha mtoto nyuma, kwamba mwaka wa nje "unahesabika", na wenzetu wa Dar wanafanya hivyo kila siku. Alikuja na kompyuta mpakato, picha za theluji na tai ndefu kuliko maelezo yake. Hatukuonyeshwa cheti hata cha mfano.

Mtoto aliondoka mwezi wa nane katikati ya kidato cha tatu, akarudi mwezi wa sita mwaka uliofuata. Wiki hiyohiyo nikampeleka kwa mkuu wa shule yake ya zamani. Alikuwa na bahasha yenye karatasi mbili. Moja ilikuwa na ukingo wa dhahabu na jina lake katika maandishi ya kulala. Ya pili ilikuwa orodha ya masomo na alama. Mkuu alizisoma zote taratibu. Ile ya dhahabu akaigeuza, akatazama nyuma, hapakuwa na kitu. Akaniuliza, "Mama, matokeo yake ya kidato cha nne yako wapi?"

Nikamwambia ameunganisha, anaingia cha tano.

Hakunibishia. Alifungua droo, akatoa orodha ya watahiniwa wa mwaka ule, akashusha kidole kwenye majina ya wale aliosoma nao tangu kidato cha kwanza. Wote wamo. Wa kwangu hayumo. "Usajili ulishafungwa," akasema. "Hawa wanafanya mtihani Novemba. Huyu wako, nikimpenda vipi, siwezi kumwingiza. Na cha tano hakuna shule itakayompokea bila matokeo ya cha nne."

Karatasi ya dhahabu ilikuwa cheti cha kushiriki. Nimeitunza, ni jasho la mwanangu. Lakini kwa mkuu wa shule, kwa TAMISEMI, kwa chuo chochote cha hapa, haina mahali inapoingia.

Akarudi kidato cha tatu. Wenzake walipokuwa wanavaa sare za kidato cha tano, yeye alikuwa darasani na watoto aliokuwa akiwafundisha hesabu jioni. Mtoto wa miaka ile anaumia kwa jambo kama hilo kuliko sisi wazazi tunavyodhani. Kuna siku alikataa kabisa kwenda shule, akakaa chumbani mpaka magharibi. Pesa nitaitafuta, dagaa wapo ziwani. Lakini ule mwaka wake nani atamrudishia?

Nilimpigia wakala. Unajua alinijibu nini? Kwamba hilo la kidato cha tano ni "utaratibu wa serikali yenu". Serikali yetu! Kana kwamba yeye amezaliwa mwezini. Mtu mwenye kitambulisho cha taifa kama changu, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kama sisi wote, alikaa kwenye kochi langu akanywa chai yangu akijua wazi kwamba hapa mtu haingii cha tano bila huo mtihani. Alinyamaza kwa sababu angesema asingelipwa mwaka ule, angesubiri. Hao ndio ninaowachukia, dada. Mwizi wa barabarani anakuibia pochi. Huyu anakuita mama, anakuombea dua, anakuibia mwaka wa mtoto wako. Nikiona anaitwa "mshauri wa elimu" mwili unanitetemeka.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyo, maana hili nimelifuatilia mpaka nimelielewa.

Programu za kubadilishana wanafunzi, zile za kukaa na familia kwa J-1, viza ya Marekani ya kubadilishana, hazikuanzishwa ili zimpe mtoto cheti cha kuhitimu. Ni mwaka wa kujifunza maisha, lugha na utamaduni. Shule ya Marekani inayompokea hailazimiki kumhitimisha, na waandaaji waaminifu wanalisema hilo wazi kwenye maelezo yao. Mtoto anarudi na orodha ya masomo ya mwaka mmoja. Huku kwetu, ili mtu asome kidato cha tano na kufanya mtihani wa cha sita, anatakiwa awe na ufaulu wa alama C au zaidi kwenye masomo yasiyopungua matatu ya kidato cha nne. Orodha ya mwaka mmoja haizibi pengo hilo, hata iwe na A tupu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema kwa kila mzazi atakayeuliza: kabla ya nchi, kabla ya shule, kabla ya bei, uliza mtoto anarudi na cheti gani, na jibu ulitafute NECTA, yaani Baraza letu la Mitihani, usilitafute kwa anayepokea pesa. Baraza la Mitihani lipo kwa sheria tangu mwaka 1973, na moja ya kazi zake ni kulinganisha vyeti vya sekondari vya nje na vya kwetu. Vyuo vikuu vyetu navyo haviangalii cheti cha sekondari cha nje kabla NECTA haijakitolea ulinganifu. Uliza kwa maandishi: mtoto akisoma kitu hiki, akapata karatasi hii, inalingana na nini hapa? Wakikwambia hailingani na kitu, umeokoa kiwanja.

Ukiishika kanuni hiyo, hata swali lako la umri linajijibu lenyewe. Masharti ya J-1 kwa wanafunzi wa sekondari yanataka mtoto awe hajazidisha miaka 11 ya msingi na sekondari, bila kuhesabu chekechea, au awe na umri wa miaka 15 hadi 18 na nusu programu inapoanza. Hesabu ya kwetu: saba ya msingi na minne ya sekondari ni kumi na moja kamili. Maana yake binti anaweza kumaliza kidato cha nne Novemba, akasubiri matokeo yake, na muhula wa Marekani unapoanza mwezi wa nane, viza ikipatikana, akaondoka na cheti cha NECTA tayari kiko kabatini kwako. Akirudi, hata kama nafasi ya serikali ya cha tano imempita, shule binafsi zipo na cheti cha kidato cha nne hakiozi. Huo ndio ukweli ambao wakala wangu alikuwa nao mkononi akauficha. Kusubiri kulikuwa kunawezekana!

Tena kwa Marekani, kabla hujamlipa mtu yeyote, ipo programu ya YES inayolipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ilianzishwa mwaka 2002, na watoto wa Tanzania wamekuwa wakienda. Ina ushindani mkali, lakini nauli, shule na makazi vinagharamiwa. Fomu yake haiuzwi. Ukiuziwa fomu ya YES, umeuziwa upepo. Na masharti ya viza kwa Watanzania yanabadilika, kwa hiyo soma tangazo la sasa la ubalozi wenyewe, sio picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kama huyo wakala wako anasema anafanya kazi na taasisi ya J-1, basi taasisi hiyo lazima iwe imeidhinishwa na Wizara hiyohiyo ya Mambo ya Nje ya Marekani, na ndiyo inayotoa fomu ya kuombea viza inayoitwa DS-2019. Lazima shule iwe imeshakubali kwa maandishi kabla mtoto hajaingia nchini humo, familia iwe imechunguzwa, na awepo mratibu wa karibu anayewasiliana na mtoto kila mwezi. Taja hayo mbele yake umwangalie usoni.

Uganda ni habari nyingine, na kwa kanuni yangu inapita vizuri zaidi. Mfumo wao ni saba, nne, mbili kama wetu, na mwisho wa kidato cha nne na cha sita kuna mtihani wa taifa wa UNEB, baraza lao la mitihani. Anarudi na cheti chenye jina linaloeleweka. Shida ni kuingia katikati. Kwa mtaala wao mpya wa miaka minne ya kwanza, ambao watahiniwa wa kwanza waliufanyia mtihani mwaka 2024, kazi za darasani zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho. Mtoto anayetua kidato cha tatu anakuta wenzake wameshazoea utaratibu ambao yeye hajawahi kuuona. Ni heri aanze cha kwanza, au amalize cha nne hapa ndipo aende cha tano. Na hakikisha shule yenyewe ni kituo cha mtihani cha UNEB. Waombe namba ya kituo kisha uithibitishe UNEB.

Kenya nako uliza kwa makini kipindi hiki, maana wanabadilisha mfumo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia sekondari ya juu Januari 2026, na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mfumo wa zamani, inafika mwisho mwaka 2027. Cheti alichopata mtoto wa jirani yako sicho atakachopata wako.

Na kama binti ana akili ya darasani na moyo wa kukaa mbali, muulize mwalimu wake kuhusu UWC (United World Colleges). Ni shule zilizoanzia Wales mwaka 1962, ziko nchi nyingi, Waterford ya Eswatini ikiwa mojawapo, na hapa kwetu zipo Moshi na Arusha. Wanasoma miaka miwili wanamaliza na diploma ya IB, cheti cha kimataifa chenye mtihani kamili, na ufadhili hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Anaenda baada ya kidato cha nne. Unaona? Kila mlango mzuri unamtaka amalize cha nne kwanza.

Kitu kidogo lakini kinatesa watu: majina. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, usajili wa shule na pasipoti ni lilelile, herufi kwa herufi. Huku kwetu mtoto ana jina la msikitini au kanisani, la bibi na la utani, na mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alilosikia. Rekebisha sasa, angali hapa.

Sasa fanya hivi. Leo jioni mtumie wakala ujumbe huu, unakili ulivyo: "Naomba jina kamili la taasisi inayoendesha programu, nakala ya mfano ya cheti atakachopewa mtoto akimaliza, na maandishi yako yenye sahihi kwamba cheti hicho kinamwezesha kuingia kidato cha tano Tanzania bila mtihani wa kidato cha nne." Usimpigie, andika, ili jibu libaki. Akikwambia nafasi zinaisha, mjibu kwamba utalipa siku utakayoyapata hayo matatu. Akipiga simu badala ya kuandika, usipokee. Akijibu, bandika jibu lake hapa, ufiche namba yake na jina la binti, tulisome pamoja kabla ya hiyo Ijumaa.