Nilitoa sabufa, ndipo nikajua mlango nao ni boksi

Juzi msomaji wa Mafinga ameniandikia. Ametoa sabufa kwenye buti la IST yake apate pa kuweka mizigo ya duka, sasa muziki umekuwa mkavu. Anauliza anunue spika gani. Ndugu yangu, swali hilo lilinila miezi mitatu, na hela ambazo mpaka leo zinaniuma.

Mimi niliitoa kwa ajili ya mama. Kila nikimfuata Tukuyu kumleta kliniki Mbeya, haondoki mikono mitupu: ndizi, parachichi, viazi. Boksi la inchi 12 lilikuwa limemeza buti zima. Siku moja pale Uyole nikamtazama kwenye kioo, amekaa nyuma amepakata mkungu wa ndizi. Niliona aibu. Jioni ileile boksi likashuka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia wati. Nikaenda Mwanjelwa, nikanunua spika za inchi sita na nusu zilizoandikwa wati 350. Redio nyingi za gari, hata zikiandikwa wati 50 mara nne, yaani 50 kwa kila spika kati ya nne, kila spika inapata wati 15 hadi 20 tu za kweli. Hiyo 350 ni namba ya kuuzia. Tazama RMS, yaani wati ambazo spika inabeba muda wote, na tazama desibeli, yaani inalia kwa nguvu kiasi gani ukiipa wati moja. Kama huna amplifaya, spika ya desibeli 91 ukiipa wati 10 inalia sawa na ya 87 uliyoipa wati 25.

Fundi aliyenifungia alikata soketi, akaunga waya kwa selotepu, akachukua elfu 40. Sauti ikawa kali, besi hakuna. Niliporudi akaniambia mbele ya wateja wake kwamba masikio yangu yamezoea sabufa, nivumilie. Akachukua elfu 15 nyingine ya "kurekebisha". Hadi leo nikipita mtaa ule siangalii upande wa banda lake.

Jumapili moja nikabandua kava za milango mwenyewe. Nikachomoa waya za spika kutoka kwenye redio, nikachukua betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, nikagusisha: chanya kwa waya wa chanya, hasi kwa hasi. Mlango wa kulia, koni ikaruka nje. Wa kushoto, ikazama ndani. Nikarudia mara tano, kidole kikiwa juu ya koni. Alikuwa amegeuza waya za upande mmoja! Spika moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta, besi inafia katikati. Nilikaa pale mlangoni na ile betri mkononi, hasira imenikaba koo.

Kugeuza waya kulirudisha nusu ya besi. Nusu nyingine ilikuwa kwenye bati. Sabufa inakuja na boksi lake, lakini spika ya mlangoni boksi lake ni mlango wenyewe. Ukiacha bati la ndani lina matundu, hewa ya nyuma ya spika inazunguka na kuifuta ya mbele. Niliyaziba kwa karatasi za butili, mpira mzito unaonata, zenye foili. Seremala wa Soweto akanikatia pete za plaiwudi, nikazipaka rangi ya mafuta, maana sumaku ya spika mpya ilikuwa inagusana na kioo kikishushwa. Ila vitundu vya chini kabisa ya mlango usiviguse. Mvua ya Tukuyu ikipenya pembeni mwa kioo, inatokea hapo.

Mwisho nikaingia kwenye redio, nikaweka HPF, kichujio kinachozuia besi nzito zisifike kwenye spika, kwenye hezi 80. Spika ya mlangoni usiitwishe mzigo wa sabufa, itakoroma.

Vijana wenzangu, tuache kununua namba. Jifunze kufungua mlango wa gari lako. Fundi anayeijua kazi hachukii ukimuuliza chanya iko wapi, na anayechukia usimwachie ufunguo.

Na wewe wa Mafinga, kabla hujanunua chochote, fungua boneti leo. Ule waya mnene uliokuwa unalisha amplifaya, chomoa fyuzi yake, kisha utoe kabisa kwenye terminali ya betri. Wangu ulikaa miezi mitatu chini ya zulia la buti, una umeme, ncha iko wazi, na mimi juu yake napakia magunia ya viazi.