Mgongo wa juu na mabega: mdogo wangu wa Gungu, anza kuvuta

Habari za jioni wadau. Kuna mdogo wetu yuko Gungu hapa Kigoma mjini kauliza swali na majibu mengi aliyopewa naona yanamzungusha tu, huyu anamwambia anunue protini ya kopo, yule anamwambia ahamie Dar kwenye majimu ya maana. Swali lake kwa kifupi: ni mwembamba, kapiga pushapu muda mrefu, kifua kimeanza kuonekana ila mgongo wa juu bado bapa kama ubao wa mtumbwi na mabega yanaangukia mbele, hela ya jimu hana, sasa acheze mchezo gani na apige tizi gani mwili upanuke juu. Nitajibu kwa urefu maana haya mambo nimeyaishi, nimekulia Ujiji, nimeingia ziwani kuvua dagaa, nimebeba mizigo pale Kibirizi na siku hizi jioni nawapigisha tizi vijana wa mtaani kwetu uani, kwa iyo nayoandika hapa ni yale nimeyaona yakifanya kazi kwenye miili ya watu.

Mdogo wangu, unasukuma sana na huvuti kabisa. Pushapu ni kusukuma, benchi ni kusukuma, hata lile chuma la makopo ya zege ukilipandisha juu ya kichwa bado unasukuma. Misuli ya mgongo wa juu inaingia kazini pale unapovuta kitu kije kwako au unapojivuta wewe ukifuate, hapo ndo inajengwa zaidi. Jimu nyingi za mtaani hapa mjini ukipita utakuta benchi moja, vyuma vya zege, vijana kumi wanasubiriana kupiga kifua, na hakuna hata bomba la kuning'inia! Hilo linaniuma sana kwa kweli, vijana wana nguvu na nia lakini nusu ya mwili imeachwa. Kanuni ninayowapa wangu ni hii, kwa kila seti moja ya kusukuma weka mbili za kuvuta mpaka mgongo ukifikie kifua, ndo urudi seti moja ya kusukuma kwa moja ya kuvuta.

Kidogo kuhusu misuli yenyewe ili ujue unachojenga. Kuna mabawa, haya ndo makubwa, yanaanzia chini huku kiunoni yanapanda pembeni mpaka kwenye mfupa wa mkono karibu na kwapa, yakijaa ndo mtu anaonekana mpana juu mwembamba chini. Kuna trapezi, inaanzia nyuma ya kichwa inashuka mpaka katikati ya mgongo na inashika bega. Katikati ya yale mabapa mawili ya mifupa mgongoni kuna misuli midogo inayoyavuta yakaribiane, hii ndo inasaidia bega kukaa nyuma. Halafu bega lenyewe lina sehemu tatu, mbele, pembeni na nyuma. Ya mbele imeshiba pushapu zako. Ya pembeni ndo inaleta upana, na ya nyuma karibu kila mtu anaisahau.

Sasa mchezo. Hapa una bahati kubwa kuliko watu wa Dodoma, una Ziwa Tanganyika.

Nianze na kupiga kafi. Zile boti za makasia za mashindano ya Olimpiki kiti kinateleza mbele na nyuma kwa hiyo miguu ndo inatoa sehemu kubwa ya nguvu, lakini kwenye mtumbwi wetu ubao wa kukalia hauendi popote, kazi yote inaangukia mgongo, mabega na kiuno. Ukipata mtu wa Katonga au Kibirizi mwenye mtumbwi mdogo muombe umsaidie kupiga kafi asubuhi maji yakiwa yametulia. Fika mbele kadri unavyoweza, zamisha bapa la kafi lote, halafu zungusha kiwiliwili, usivute kwa mkono mtupu. Na badilisha upande mara kwa mara, wale wanaopiga upande mmoja miaka yote utawajua hata wakiwa wamevaa shati.

Ukitaka kuona mgongo wa kazi muangalie mvuvi wa dagaa anavyovuta wavu usiku. Taa zimeshawavuta dagaa juu, wavu uko chini yao, sasa unapandishwa kwa kamba. Jamaa amekaza magoti kwenye ukingo wa mtumbwi, mgongo umenyooka, anashika kamba iliyolowa kwa mikono miwili, kiwiko kinapita karibu kabisa na mbavu kinarudi nyuma, anashika tena mbele, anarudi tena, hakuna kurusha mwili wala papara. Hiyo ni ile ile roo (zoezi la kuvuta uzito uje mbavuni) watu wanayolipia kwenye mashine, na yeye anaifanya mpaka alfajiri. Mabawa ya wale watu yanaanzia kiunoni. Ila sikwambii ukatafute kazi ya ziwani ili utoke bodi, ile kazi ina baridi na inakula kiuno. Chukua ule mkao tu, uje nao kwenye tizi lako.

Kuogelea ndo jibu langu kama unataka mchezo mmoja tu. Mkono unapoingia majini mbele na kuvuta maji kwenda nyuma, mabawa ndo yanavuta. Lakini wengi wetu tumejifunzia ziwani kwa kuogelea kichwa juu shingo imekakamaa, hiyo inachosha shingo na mgongo hauvuti sawasawa. Jifunze kulaza uso majini na kupumulia pembeni. Na sehemu ya muda wako ogelea chali, mikono ikipita nyuma ya kichwa, maana ile ya kifudifudi peke yake nayo inaweza kuzidi kukaza bega la mbele ambalo ndo linakusumbua tayari. Usiende peke yako, waulize wenyeji kuhusu mamba na mawimbi, na epuka penye majani na maji yaliyotuama maana kichocho kipo Tanganyika, hata maji yaonekane meupe namna gani.

Ndondi nzuri kwa pumzi na bega linalovumilia ila mgongo haupanui kivile. Mpira wa miguu cheza kwa afya yako, kwa hili swali hauna msaada.

Tuje kwenye tizi la nyumbani, na hapa pulapu, yaani kuning'inia kwenye bomba na kujivuta juu, ndo mama wa yote. Tafuta kipande cha bomba la maji la chuma ambalo kiganja kinalizunguka vizuri, kifunge kwenye nguzo mbili za mti zilizochimbiwa vizuri au tawi nene la mwembe, juu kiasi kwamba ukining'inia miguu haigusi chini. Shika viganja vikitazama mbele, upana uzidi mabega kidogo. Sasa sikiliza hapa maana ndo wengi wanakosea: kabla hujakunja kiwiko, shusha kwanza mabega mbali na masikio, utasikia mabapa ya mgongoni yanashuka, ndo uanze kupanda. Fikiria unapeleka viwiko mfukoni mwa suruali. Kifua kiende kwenye bomba, kidevu kipite, halafu shuka taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu mpaka mikono inyooke kabisa. Kurusha miguu hapana, nusu nusu hapana, moja safi ina faida kuliko tano za kupapatika.

Huwezi hata moja? Wengi wanaanzia hapo, na kwa dada zetu wanaotaka kuanza njia ni hii hii. Panda juu ya stuli mpaka kidevu kiwe juu ya bomba kisha jishushe polepole kwa sekunde tano, rudia. Pia funga bomba lingine chini usawa wa kiuno, lala chini yake visigino ardhini, mwili umenyooka, vuta kifua kulifuata. Nguvu ikija utaona mwenyewe. Na ukishafika nane safi kwa seti tatu au nne, usikae hapo ukifurahia, weka mchanga kwenye begi uvae mgongoni, maana misuli ikishazoea uzito ule ule haina sababu ya kukua, na hii ndo sababu mtu anaweza kupiga pushapu mia kila asubuhi na mwili ukabaki vile vile.

Dumu la lita 20 ni chuma tosha. Likijaa maji ni kilo 20 (la mawese ni kama kilo 18, mawese mepesi kuliko maji, ila ya mama usiyaguse). Mkono mmoja na goti moja kwenye benchi, mgongo bapa, vuta dumu lije usawa wa nyonga, kiwiko karibu na mbavu kama yule mvuvi, kaa juu sekunde moja, shusha. Likiwa zito anza na nusu. Halafu yale madumu ya kuchota maji, beba mawili, moja kila mkono, mabega nyuma, kifua wazi, upandishe nayo kilima. Kigoma vilima havijatunyima, na trapezi inapenda sana hiyo kazi.

Bega la nyuma: chukua tyubu ya baiskeli iliyochoka, ifunge kwenye nguzo usawa wa uso, shika ncha mbili, vuta kuja usoni viwiko vikiwa juu na mikono ikifunguka pembeni, kaza nyuma, rudisha taratibu. Kumi na tano mpaka ishirini kila seti. Hii kwa mabega yako yanayoangukia mbele naomba usiiruke hata siku moja ya tizi. Bega la pembeni: chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa maji, zikiwa nyepesi weka mchanga, nyanyua pembeni mpaka usawa wa bega, kidole gumba kikitazama juu kidogo, usirushe.

Mgongo mara mbili kwa wiki, tatu ukiwa umezoea, na uache angalau siku moja katikati, bora mbili. Wavuvi wa dagaa mbalamwezi ikiwaka hawaingii, taa hazivuti samaki usiku wenye mwanga, kwa iyo kila mwezi miili yao inapata siku za kupumzika bila wao kupanga. Wewe jipangie. Misuli inakua ukiwa umelala, kwenye tizi unaichosha tu. Ila kupumzika nako kuna kiasi, mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuvua miezi mitatu kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, jamaa waliokaa bila kuvuta chochote walipungua na wale waliokuja kuning'inia kwenye bomba letu walirudi ziwani na mabega yao.

Msosi. Achana na makopo. Anayejenga misuli anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wewe ukiwa na kilo 60 ni kama gramu 96. Dagaa wetu wakikauka vizuri karibu nusu au zaidi ya uzito wao ni protini, ongeza maharage, mayai ukipata, samaki mgebuka siku ya hela. Na kwa sababu ni mwembamba ongeza ugali na weka mawese kwenye mboga, bila chakula cha kutosha utavuta bomba mpaka lipinde na mwili usiongezeke.

La mwisho, bega ni kiungo kinachocheza sana na kishimo chake ni kifupi, kinashikiliwa na misuli midogo minne inayochanika ukiwa na haraka. Ukinyanyua mkono pembeni ukasikia maumivu makali katikati ya safari, acha kupandisha vitu juu ya kichwa, baki na tyubu na roo nyepesi, na ikizidi wiki mbili au usiku unashindwa kulalia upande huo nenda hospitali ya Maweni wakuangalie, usimpe mtu akuvute mkono mtaani. Kama una picha ya sehemu unayofanyia tizi iweke hapa tukuelekeze bomba likae wapi.