Fuata mzigo kwanza, dodoso baadaye

Kila ukifika msimu wa kuandaa tasnifu, wanafunzi wa ugavi na usafirishaji huja kwangu na dodoso tayari mkononi. Maswali thelathini, kila moja na majibu matano, kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Mada nayo huwa ni ileile: mchango wa usimamizi wa mnyororo wa ugavi katika ufanisi wa kampuni fulani. Dodoso ninaliheshimu, na mimi mwenyewe nilianza nalo. Ninawaandikia ninyi mnaoanza mwaka huu kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa utafiti ulipotea kwa njia hiyo, na inaniuma kuona wa mtu mwingine ukipotea vilevile.

Kabla ya kurudi shule nilikuwa karani wa kupanga safari kwenye kampuni moja ya malori Dar es Salaam kwa miaka minne. Tulipeleka mizigo Zambia na Lubumbashi kupitia Tunduma. Swali langu la utafiti lilitoka kazini: kwa nini lori linalotegemewa kurudi baada ya wiki mbili linarudi baada ya wiki nne? Nikagawa dodoso kwa madereva, mawakala wa forodha na maofisa wa kampuni. Madereva walijibu kwamba tatizo ni mizani na foleni ya mpakani. Mawakala wakasema ni mfumo wa forodha. Maofisa wakasema ni madereva. Wote walijaza kwa uaminifu, na kila mmoja alitaja kipande cha mnyororo kisichokuwa mikononi mwake. Nilikuwa nimepima nani anamlalamikia nani, na muda wenyewe uliopotea sikuwa nimeugusa.

Msimamizi wangu alisoma sura ya nne, akaifunga, akaniuliza, "Hilo lori umewahi kulipanda?"

Sikuwa nimewahi.

Nikaomba kibali, nikapanda na dereva mmoja mtu mzima pamoja na utingo wake, nyuma yetu kontena la futi 40. Nilibeba daftari na saa ya mkononi. Kila tuliposimama niliandika saa, mahali na sababu. Kila tulipoondoka niliandika saa. Mizani ya Vigwaza, mizani ya Mikese, kisha Mikumi ambako barabara inakatiza hifadhi na mwendo haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Kitonga tulipanda kwa gia ya chini kabisa, huku utingo akiangalia kwenye kioo kama tela linafuata vizuri. Makambako tukapanga foleni ya mizani nyingine. Kwenye mizani ndipo nilipoelewa kwa nini dereva hugombana na wapakiaji kabla hajawasha gari. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa uzito wote kuwa tani 56, lakini inapima pia ekseli moja moja, yaani kila mhimili wa magurudumu. Unaweza kuwa chini ya tani 56 na bado ukazuiwa kwa sababu mzigo umeegemea nyuma.

Barabara hiyo ina zaidi ya kilomita 900. Tulifika Tunduma alfajiri ya siku ya tatu. Nilipojumlisha saa ambazo magurudumu yalikuwa yanazunguka kweli, hazikufika siku moja na nusu. Halafu tukakaa Tunduma siku tano.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kuandika mengi kuhusu ukaguzi. Zamu yetu ilipofika, ukaguzi ulikwisha kabla asubuhi moja haijaisha. Siku zile nyingine tulikuwa tunasubiri karatasi. Uzito kwenye ankara haukulingana na uzito kwenye orodha ya vifungashio, na mwenye mzigo alitakiwa kuthibitisha upi ni sahihi. Alikuwa Lubumbashi, na ilikuwa mwisho wa wiki. Alipothibitisha, wakala wa upande wa pili akawa hajatumiwa fedha. Kosa lile lilikuwa ndani ya faili tangu siku lori linapakiwa, na mafaili ya aina ile yalipita mezani kwangu kwa miaka minne. Dereva hakushangaa hata kidogo. Alitandika mkeka chini ya tela, akawasha jiko, akaniambia, "Mwanangu, hapa ndipo ofisi yenu inapofanyia kazi."

Nimeishi na sentensi hiyo. Mzigo unapotembea, muda wake unajulikana karibu kabisa. Muda hupotea pale mzigo unaposimama. Kwa hiyo, kabla hujaandika swali lolote la dodoso, fuata mzigo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwenye kila kituo jiulize umesimama wapi, unasubiri nini, na nani mwenye uwezo wa kuondoa hicho unachokisubiri. Jibu la swali la tatu mara nyingi liko mbali sana na mahali lori lilipoegeshwa. Mtafiti anayehoji watu wa mpakani peke yao hawezi kulipata.

Sasa niseme kuhusu saa, maana hapa ndipo data nyingi za kwetu zinapoharibika na wanafunzi hawagutuki. Dereva anaandika "saa 4" akimaanisha saa nne asubuhi. Anayeingiza kwenye kompyuta anaandika 4:00, na kompyuta inaelewa alfajiri. Kuna saa sita zimepotea hapo. Kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti kinaweza kuwa kimewekwa kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kisha Zambia na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Safari ile tuliondoka upande wetu saa 11:20 kwa saa ya kompyuta, na muhuri wa Nakonde ukasoma 10:35. Kwa jedwali langu, lori lilifika kabla halijaondoka. Hilo angalau linaonekana. La hatari ni lile lisiloonekana: lori lililokaa saa kumi likaonekana limekaa saa nne, na wewe ukaandika sura nzima ukisifia kituo hicho. Kwenye kila safu ya muda andika ni saa za wapi, na nani aliyeziandika.

Maneno nayo yana hatari ileile. Muulize wakala, atakwambia mzigo "umetoka" jana, akimaanisha forodha wameuachia. Muulize dereva, mzigo umetoka leo usiku, akimaanisha amepita geti. Mwenye mzigo anasema haujatoka, kwa sababu haujamfikia. Watatu wote wanasema kweli. Kama dodoso lako linauliza "mzigo ulichukua siku ngapi kutoka bandarini?", umekusanya majibu ya maswali matatu tofauti ukayatafutia wastani mmoja. Taja tukio linaloshikika: karatasi ya kuachiwa imetolewa, geti limepitwa, muhuri umegongwa, kontena limeshushwa.

Kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mmoja wenu aijue kwa moyo. Mmarekani John Little aliithibitisha kwa hesabu mwaka 1961, na inatosha kwenye kiganja: idadi ya vitu vilivyomo mahali ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa, kwa wastani. Chukua bandari kavu ya mfano, yaani uwanja wa kuhifadhia kontena nje ya bandari. Kwa siku zinaingia kontena 40 na zinatoka 40. Ukiingia uwanjani ukahesabu, ukakuta 280. Gawanya 280 kwa 40: kontena la kawaida linakaa siku saba. Hujamhoji mtu, hujasubiri ruhusa ya kuona mfumo wa mtu. Meneja akikwambia mzigo kwake haukai zaidi ya siku tatu, kuna kitu cha kuzungumza naye kwa upole. Ila kanuni hii inahitaji hali iliyotulia. Kama uwanja unazidi kujaa kwa sababu meli tatu zimeingia pamoja, hesabu ya siku moja itakudanganya. Hesabu kwa majuma kadhaa.

Na wastani usiuamini peke yake. Mwenye duka la vipuri Lubumbashi ana njia mbili. Ya kwanza huchukua siku kumi, kila mara. Ya pili ina wastani wa siku tisa, lakini mara nyingine ni tano na mara nyingine ni ishirini. Kwenye jedwali lako njia ya pili imeshinda. Kwake yeye ni hasara, kwa sababu lazima aweke ghalani mzigo wa kumvusha siku zile ishirini. Fedha imelala kwenye rafu, na huenda ni ya mkopo. Wafanyabiashara wengi niliozungumza nao wanauchukia muda usiotabirika kuliko muda mrefu. Basi andika thamani ya katikati, yaani siku za safari inayoangukia katikati ukizipanga zote kutoka fupi hadi ndefu, na uandike pia idadi ya siku ambayo safari tisa kati ya kumi hazizidi. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayomkosesha mtu usingizi.

Mkifika kwenye mapendekezo, naona wengi mnakimbilia mfumo mpya wa kompyuta. Kabla ya hapo, someni jaribio lililofanyika hapa kwetu mwaka 2009 hadi 2010, likiitwa SMS for Life, kwenye vituo 129 vya afya katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Tatizo lilikuwa dawa za malaria kuisha vituoni. Kila wiki mhudumu wa kituo alipata ujumbe kwenye simu yake ya kawaida akiombwa atume idadi ya dawa alizobaki nazo. Akijibu kwa wakati alipewa salio. Wilaya ikawa inaona kituo gani kimeishiwa na kipi kina akiba, ikaweza kuhamisha dawa. Wiki ya kwanza, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Bila ghala jipya wala magari mapya. Ninaipenda kazi hii kwa sababu waliona kwamba nesi kijijini anajua kilichomo kabatini kwake, na mwenye uwezo wa kuhamisha dawa hajui, na wakaziba pengo hilohilo.

Isomeni pia kwa jicho kali. Ni ulinganisho wa kabla na baada kwenye vituo vilevile. Shehena kubwa ya dawa ikiwa imeingia wilayani katikati ya jaribio la namna hii, sehemu ya mafanikio ni ya shehena. Nanyi mkipima mabadiliko kwenye kampuni, tafuteni tawi au njia ambayo haikuguswa, mpime na hiyo kwa majuma yaleyale. Hata njia moja ni bora kuliko kukosa kabisa.

Kitu kingine ambacho dodoso halitawaambia: si kila mzigo uliosimama una mwenyewe anayeteseka. Wapo wanaoacha kontena bandarini hadi siku ya mwisho isiyotozwa, kwa kuwa kukodi ghala Kariakoo au Kurasini ni ghali zaidi, au bado wanamtafuta mnunuzi. Ukimhesabu huyo pamoja na yule aliyekwama kwa kosa la ankara, utapendekeza dawa moja kwa magonjwa mawili. Uliza kwa heshima, "Ungeweza kuutoa mapema kama ungetaka?"

Na tafadhali sana, walindeni watu wanaowaamini. Dereva atakueleza nani alimpa nini ili apite. Utingo atakwambia wapi mafuta ya lori huuzwa kwa siri. Ukiandika namba ya gari, tarehe na mizani, umemtaja kwa jina hata kama jina hukuliandika, na kazi yake inaweza kuisha wiki hiyohiyo. Mimi nilifuta namba zote za magari kwenye daftari langu kabla sijamkabidhi mtu yeyote, nikaweka herufi. Tarehe nikazigeuza kuwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Utafiti haukupungukiwa na chochote.

Nilipomaliza, nilirudi kwenye ile kampuni na pendekezo dogo: siku moja kabla ya kupakia, karani aketi na faili, alinganishe uzito kwenye ankara, orodha ya vifungashio na hati ya usafirishaji, kisha azipige picha awatumie wakala wa Tunduma na wa upande wa pili. Ofisi haikulipokea. Waliona ni kazi ya mawakala. Karani aliyenirithi kiti alianza kufanya hivyo kimyakimya kwa magari aliyoyapanga yeye, na baada ya muda madereva wakawa wanaomba wapangwe naye.

Kwa hiyo mwezi ujao mnapokuja, dodoso liacheni nyumbani kwanza. Njooni na safari moja iliyoandikwa kwa mkono, saa kwa saa, hata kama ni gunia la mahindi kutoka Kibaigwa hadi soko la Tandale. Tutatafuta mstari mmoja ambao muda wake ni mrefu kuliko mingine yote, na tutaanzia hapo.