Kufungua chuma cha kuvutia tela kwenye pikapu

Mkuu umesema unataka kukitoa hicho chuma cha tela nyuma ya Hilux mwenyewe hapo nyumbani Mbagala na hujui ukiweke wapi, basi kwanza usilale chini yake peke yako, tafuta hata dogo mmoja wa kusaidia maana kile kitu kinaweza kufika kilo 30 na zaidi, kikikudondokea kifuani ni habari nyingine kabisa.

Jana yake jioni zipulizie nati zote WD-40 (ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu) uziache zilale nayo, chumvi ya huku pwani inazigandisha kwelikweli. Asubuhi zuia matairi kwa mawe, chomoa waya wa taa za tela (wengi wanausahau unakatika), halafu weka jeki na kipande cha mbao chini ya chuma ndo uanze kulegeza, bolti mbili za juu ziwe za mwisho. Ikigoma usiipigepige nyundo, ongeza bomba kwenye spana upate nguvu, taratibu. Kikishalegea shusha jeki kidogokidogo.

Bolti zirudishie nati zake, tia kwenye kopo ulifunge palepale kwenye chuma, utanishukuru siku ya kurudishia. Piga brashi ya waya, paka grisi kile kichwa cha duara kinachoshika tela na ukivishe mfuko, kisha kilaze chini juu ya mbao ukutani stoo, sio kukisimamisha wala kukitundika, watoto wanapita hapo.