Maswali yenu ya sungura: mama asiyesogelea watoto, jike mkali, masikio yenye magamba

Sungura wangu kazaa watoto sita juzi usiku. Mchana kutwa hawasogelei. Amewakataa? Niwape maziwa ya ng'ombe? (Msomaji, Tanga)

Hayo maziwa yaache kwanza, dada. Sungura hanyonyeshi kama mbuzi au paka. Huingia kiotani mara moja, pengine mbili kwa siku, aghalabu usiku au alfajiri, akanyonyesha dakika chache tu na kutoka. Kukaa kwake mbali ndiko kunakowaficha watoto wasinuswe na adui.

Wewe angalia matumbo. Asubuhi nawa mikono, mpapase mama ili mikono ishike harufu yake, kisha funua manyoya taratibu. Aliyeshiba ana tumbo la duara, ngozi imevutika, na weupe wa maziwa unaonekana kupitia hiyo ngozi. Mwenye njaa ngozi imekunjamana na hatulii. Kama wameshiba, wafunike uondoke. Ukikuta matumbo yamebonyea, mweke mama kiotani, mtulize kwa mkono mpaka wanyonye.

Mtoto akianguka nje ya kiota, mama hatamrudisha, kwa kuwa sungura hambebi mwanawe kwa mdomo. Mpashe joto viganjani mwako kwanza, ndipo umrudishe kwa wenzake. Siku ya kumi hivi wataanza kufumbua macho, na hapo utapumua.

Nilimwingiza dume kwenye banda la jike, akararuliwa. Tatizo nini? (Msomaji, Morogoro)

Jike ndiye hupelekwa kwa dume. Jike hulinda banda lake kwa meno na kucha. Mpeleke akishatimiza miezi mitano au sita, usimame hapohapo. Dume akianguka ubavu, amepanda. Mrudishe jike kwake na uandike tarehe. Mimba ni siku 31 hivi. Siku ya 28 mwekee sanduku lenye nyasi kavu. Ukimwona anajinyonyoa manyoya ya kifuani, anatandika kitanda cha wanawe.

Masikio yana magamba ya kahawia, anatikisa kichwa. Nimpake dawa ya viroboto ya mbwa? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, nakusihi. Nyingine zina fipronili, na hiyo huua sungura. Huo ni utitiri wa masikio. Usiyabandue magamba, yanauma mno na kidonda hubaki wazi. Yataanguka yenyewe utitiri ukifa. Mtenge, badilisha matandiko yote, na umwite daktari wa mifugo amdunge ivermectini kwa kipimo cha uzito wake. Sindano hurudiwa baada ya wiki mbili hivi, kwani ya kwanza haigusi mayai. Wengi husahau hiyo ya pili.

Karoti na kabichi zinamtosha? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hazitoshi. Meno ya sungura huota maisha yake yote, na yanasagwa na nyasi. Nyasi kavu zisikosekane bandani, usiku na mchana. Matembele yaliyonyauka kidogo juani, sawa. Karoti kipande tu. Majani na maganda ya parachichi ni sumu kwake.