Maswali ya Wasomaji: Watumishi wa Napoleon Walichungwaje St Helena?

SWALI: Napoleon, kaisari wa zamani wa Ufaransa, alipohamishiwa kisiwa cha St Helena mwaka 1815 alifuatana na wapishi, matarishi na watumishi wengine. Je, nao walikuwa wafungwa?

JIBU: Hapana, na hapo ndipo Hudson Lowe, gavana Mwingereza wa kisiwa, alipopata njia ya kuwabana. Kwa kuwa walikuwapo kwa hiari yao, hiari hiyo iliwekewa masharti. Oktoba 1816 kila aliyekuja na Napoleon, jenerali kwa mtumishi, alitakiwa kutia saini hati ya kukubali vizuizi vilevile alivyowekewa bwana wake. Atakayekataa angepakiwa melini kwenda Rasi ya Tumaini Jema. Mwanzoni waligoma, maana hati ilimtaja "Napoleon Bonaparte" bila cheo chake cha ukaisari. Walipoona tishio si la mdomoni, walisaini. Hata hivyo, mwezi huohuo wanne waliondolewa: Piontkowski, Santini, Rousseau na mdogo mtu wa ndugu wawili Archambault. Kwa maoni yetu, hofu ya kufukuzwa iliwabana watumishi kuliko bunduki za walinzi.

Mengine yalikuwa ya kila siku. Barua ya kuingia au kutoka ilipitia kwa gavana ikiwa wazi. Kuvuka mpaka wa Longwood, makazi ya Napoleon, kulihitaji kusindikizwa na askari Mwingereza. Usiku walinzi walisogezwa hadi kuizingira nyumba, mwanzoni kuanzia saa tatu, na baadaye, kwa amri ya Lowe, tangu jua kuzama. Papo hapo Longwood aliishi kapteni wa zamu, aliyetakiwa kumwona Napoleon kwa macho yake mara mbili kwa siku. Taarifa zilipelekwa kwa bendera, na bendera ya buluu ilimaanisha mfungwa ametoweka.

SWALI: Kama ulinzi ulikuwa mkali hivyo, siri zilivujaje?

JIBU: Nyumba lazima ile. Mahitaji yalitoka bandarini Jamestown, na Cipriani, msimamizi wa nyumba, alirudi na habari za meli na za mjini pamoja na vyakula. Aliifanya kazi hiyo hadi alipofariki Februari 1818.

Siri nzito zaidi zilisafiri ndani ya nguo. Karatasi hutoa sauti ikipapaswa na huacha mkunjo unaoonekana, lakini hariri iliyoandikwa kwa wino hulala bapa chini ya bitana. Santini alipofukuzwa aliondoka na malalamiko ya Longwood kwa njia hiyo, na mwaka 1817 yakachapishwa London.

Njia hiyohiyo ilimponza Las Cases, mmoja wa wafuasi waliokuja na Napoleon. Alimkabidhi James Scott, kijana wa kisiwani aliyewahi kumtumikia, barua za hariri zilizoshonwa ndani ya nguo. Baba yake Scott aliogopa, akapeleka habari kwa wakubwa. Tarehe 25 Novemba 1816 Las Cases alikamatwa pamoja na mwanawe, karatasi zake zikazuiwa, na mwisho wa Desemba wakasafirishwa. Kosa lake halikuwa mshono. Scott alikuwa amekwisha kuondolewa kwake kwa amri ya gavana, kwa hiyo nyendo zake zilikuwa tayari zinatiliwa shaka, na jamaa zake walikuwa wakazi wa kisiwani wasio na pa kukimbilia.

SWALI: Waingereza hawakuwa na mtu wao ndani ya nyumba?

JIBU: Lowe alimtaka O'Meara, daktari wa Napoleon, awe ndiye. Napoleon alipojifungia siku kadhaa, madirisha yamefungwa, kapteni wa zamu alizunguka nyumba kwa saa nyingi akichungulia, kisha akabaki kutegemea maneno ya daktari na watumishi. O'Meara alikuwa akiandika barua za faragha kwa rafiki yake wa wizara ya jeshi la majini huko London, lakini na gavana walikorofishana vibaya, akaondolewa Julai 1818. Tunaona hasara ya kumwondoa ilikuwa kubwa. Verling, daktari aliyewekwa baada yake, alikaa Longwood zaidi ya mwaka bila kukubaliwa kumtibu Napoleon. Stokoe, daktari mwingine aliyemhudumia siku chache Januari 1819, alifikishwa mahakama ya kijeshi na kuachishwa kazi.