Maswali ya Wasomaji: Kulima Ugenini

SWALI: Nimelima nyumbani kwa miaka mingi na sasa ninafikiria kuhamia ng'ambo ili niendelee na kilimo huko. Je, ujuzi wangu utanifaa?

JIBU: Utakufaa, ingawa si wote. Jicho linalotambua upungufu wa naitrojeni kwa umanjano unaoanzia majani ya chini halibadiliki kwa kuvuka mpaka. Kalenda ndiyo itakayokusumbua, kwa kuwa urefu wa mchana hutofautiana zaidi kadiri unavyoiacha ikweta. Chukua kitunguu: aina za mchana mfupi huanza kutunga vitunguu urefu wa mchana ukifika muda wa saa 10 hadi 12, ilhali za mchana mrefu hudai mwanga wa takriban saa 14 au zaidi kwa siku, na ukizipanda hizo karibu na ikweta utaambulia majani mabichi na shingo nene. Mbegu zako usizifungashe kiholela, kwani nchi nyingi huzizuia zisipokuwa na cheti cha afya ya mimea. Kuhusu ardhi, ambayo mara nyingi mgeni huruhusiwa kuikodi tu, mimi ningekodi hata pale ninaporuhusiwa kununua, angalau mpaka niwe nimeliona shamba hilo katika misimu yote ya mwaka.